Kisa cha Iowa Barnstormers: kibali kilihama, jina likabaki Des Moines

Tarehe 30 Januari 2000, mjini Atlanta, Kurt Warner aliiongoza St. Louis Rams kuifunga Tennessee Titans 23–16 katika Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, akarusha pasi za jumla ya yadi 414 na kuchaguliwa mchezaji bora wa mechi. Habari ya kijana aliyewahi kupanga bidhaa kwenye rafu za duka usiku, akapitia timu ndogo ya futiboli ya ukumbini katika jimbo la Iowa na hatimaye akafika kileleni, ilienea Marekani nzima. Timu hiyo ndogo ni Iowa Barnstormers ya mji wa Des Moines. Haikuwahi kutajwa sana kama ilivyotajwa majira hayo, na bado msimu wa 2000 ndio uliokuwa wa mwisho kwake katika awamu ile ya kwanza: ulipokwisha, kibali chake cha kucheza ligi kiliuzwa na kuhamishiwa New York.

Uhamisho wa timu kutoka mji mdogo kwenda mji mkubwa si jambo geni katika michezo ya Marekani, na kama kisa kingeishia hapo kisingehitaji uchambuzi mrefu. Kinachokifanya kiwe na uzito ni yale yaliyofuata. Kibali kilichonunuliwa kwa matumaini ya soko la New York kilidumu misimu minane kikafa. Des Moines, iliyobakiwa na jina, nembo na watu waliozoea kwenda ukumbini, ilirudisha timu mwaka 2008, ikanusurika ligi yake ilipovunjwa, ikahama ligi kwa hiari yake na ikatwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 2018. Naamini historia hii inaonyesha kwamba katika futiboli ya ukumbini kile kinachouzwa kwa bei kubwa, yaani nafasi katika ligi, ndicho kilicho dhaifu kuliko vyote, na kwamba wengi walioendesha mchezo huu walichelewa mno kuliona hilo.

Ili kuelewa uamuzi mmoja mmoja ni lazima kwanza kuujua mchezo wenyewe. Mbunifu wake ni Jim Foster, mtu mwenye asili ya Iowa, ambaye mwaka 1981 alikuwa akitazama mechi ya soka ya ukumbini katika Madison Square Garden, New York, akachora kwenye bahasha uwanja mdogo wa futiboli ya Kimarekani unaoweza kutandikwa mahali pale pale panapochezewa hoki ya barafuni. Vipimo vya mchoro ule ndivyo siri ya biashara yote. Uwanja una yadi 50 kati ya mistari miwili ya goli, na kila upande kuna eneo la kufungia lenye yadi 8. Jumla ni yadi 66, sawa na futi 198, kwa upana wa futi 85. Uwanja wa hoki wa Amerika Kaskazini una futi 200 kwa 85. Kwa hiyo mji wowote wenye ukumbi wa hoki, hata usio na uwanja mkubwa wa nje, tayari ulikuwa na mahali pa kuchezea. Kila timu huingiza wachezaji 8 badala ya 11, na kuta za pembeni huvikwa magodoro ya sponji, ambayo mchezaji anayekimbia kwa kasi huyagonga na wakati mwingine kuyaruka na kuangukia mapajani mwa watazamaji wa mstari wa mbele.

Kitu kilichoutofautisha zaidi mchezo wa Foster kilikuwa wavu. Pande zote mbili za milingoti ya goli zilining'inizwa nyavu pana za futi 30 na zenye kimo cha futi 32, zilizokazwa ili mpira unaozigonga urudi uwanjani ukiwa bado hai. Teke lililokosea shabaha halikumaliza mchezo, kwa kuwa mpinzani aliweza kuudaka mpira unaporuka kutoka wavuni na kukimbia nao. Teke la kuutupa mpira mbali ili kujiokoa, ambalo katika futiboli ya nje ni jambo la kila siku, lilipigwa marufuku kabisa. Matokeo yake ni mechi za pointi nyingi sana, ambamo 50 kwa 40 ni matokeo ya kawaida. Foster alipewa hataza ya mchezo huu mwaka 1990, na hataza hiyo ilidumu hadi 2007. Ndiyo maana ligi nyingine za ukumbini zilizoanzishwa kushindana na yake zilicheza bila nyavu.

Ligi ya Foster, Arena Football League, ilianza mwaka 1987 kwa timu nne tu: Chicago, Denver, Pittsburgh na Washington. Foster aliiongoza kama kamishna hadi 1992, kisha miaka mitatu baadaye akawa mmiliki wa timu katika jimbo lake la asili.

Des Moines ni makao makuu ya jimbo la Iowa, mji wenye wakazi takribani 200,000, ambao leo miongoni mwao zimo familia nyingi za Wakongomani na Warundi wanaozungumza Kiswahili. Jimbo zima halina timu hata moja katika ligi kuu yoyote ya michezo ya kulipwa. Mapenzi ya futiboli huko yamekabidhiwa vyuo vikuu viwili, Iowa na Iowa State, na mechi zao huchezwa majira ya kupukutika kwa majani. Msimu wa ukumbini wakati ule ulichezwa kuanzia majira ya machipuko hadi Agosti, muda ambao vyuo vimelala. Foster aliliona pengo hilo, na mwaka 1995 timu yake ikaanza kucheza katika Veterans Memorial Auditorium, jengo la umma lililofunguliwa mwaka 1955 na ambalo lilikuwa tayari mahali pa kumbukumbu kwa Wana-Iowa wengi kwa sababu ya mashindano ya mpira wa kikapu ya shule za sekondari. Watu waliliita Ghala, na kwa futiboli liliingiza watazamaji zaidi ya 11,000.

Namna timu ilivyojipamba inastahili kutazamwa kwa karibu. Ilichukua jina la marubani wa maonyesho wa miaka ya 1920, waliokuwa wakizunguka mashambani na ndege ndogo, wakitua kwenye makonde na kuwarusha wanakijiji kwa malipo. Helmeti za wachezaji zilichorwa zifanane na kofia ya ngozi ya rubani, na juu ya paji la uso ikachorwa miwani mikubwa ya kukingia upepo. Mtazamaji aliyeketi safu ya juu kabisa aliweza kuitambua timu yake bila kusoma namba. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa urembo tu, lakini mimi naliona kuwa ndilo tendo la kiuchumi lenye faida ya muda mrefu kuliko yote ambayo Foster aliyafanya Des Moines, kwa kuwa picha ile ndiyo watu waliyoikumbuka miaka minane baada ya kibali kuuzwa, wakati hapakuwa tena na mchezaji wala kocha wa kukumbuka.

Kocha alikuwa John Gregory, aliyetoka Kanada, ambako mwaka 1989 aliipa Saskatchewan Roughriders kombe la Grey Cup. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akawa Warner. Alizaliwa Burlington, akakulia Cedar Rapids, akasoma Chuo Kikuu cha Northern Iowa katika mji wa Cedar Falls. Mwaka 1994 hakuchaguliwa na timu yoyote ya ligi kuu. Green Bay Packers walimpa nafasi ya majaribio kambini wakamwacha, naye akarudi Cedar Falls na kufanya kazi katika duka la Hy-Vee kwa dola 5.50 kwa saa. Mwaka 1995 akajiunga na Barnstormers.

Mara nyingi kipindi hiki cha maisha yake husimuliwa kana kwamba kilikuwa cha kungojea bahati. Ukitazama uwanja wenyewe unaona kilikuwa shule. Kwotabeki wa ukumbini hana nafasi ya kurudi nyuma sana, kwa sababu uwanja ni mfupi na walinzi wanamfikia baada ya pumzi chache. Mpokeaji pasi mmoja anaruhusiwa kukimbia kuelekea mbele kabla mpira haujaanzishwa, kwa hiyo pasi inabidi iondoke mkononi kabla mpokeaji hajafika mahali pake, tena ipite katika upenyo mwembamba kati ya mikono ya mabeki na ukuta. Anayechelewa nusu sekunde huangushwa. Warner alifanya kazi hiyo kwa misimu mitatu, na alipofika Rams sifa iliyowashangaza makocha ilikuwa kasi ya kuamua na kuachia mpira. Mwaka 1999, kwotabeki wa kwanza wa Rams, Trent Green, alipoumia kabla ya msimu, Warner akashika nafasi yake na kurusha pasi 41 za tachidauni, yaani zilizoishia katika eneo la kufungia, katika msimu wa kawaida, akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Kwa Barnstormers wenyewe miaka ya Warner ilikuwa ya mafanikio yasiyo na kombe. Mwaka 1996 walishinda mechi 12 na kupoteza 2, wakaandaa fainali ya ArenaBowl katika Ghala lao lililojaa, na wakafungwa 42–38 na Tampa Bay Storm, timu ya kocha Tim Marcum iliyokuwa ikitawala mchezo huo wakati ule. Mwaka uliofuata walishinda 11 na kupoteza 3, wakafika tena fainali, wakafungwa 55–33 na Arizona Rattlers mjini Phoenix. Nafasi ya Warner ilikuja kushikwa na Aaron Garcia, ambaye naye alikuwa mrushaji hodari, na timu ikaendelea kushinda zaidi kuliko kupoteza. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba iliuzwa kwa sababu ilikuwa mbovu.

Iliuzwa kwa sababu thamani ya kibali ilikuwa imepanda kuliko thamani ya kuendelea kucheza Des Moines. Kwa msomaji aliyezoea soka letu, ambako timu hupanda na kushuka daraja kwa matokeo ya uwanjani, inafaa kukumbuka kwamba ligi za Marekani hazina kupanda wala kushuka. Nafasi katika ligi ni mali ya mwenye timu, anaweza kuiuza, na mnunuzi akiridhiwa na ligi anaweza kuihamisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ligi ya ukumbini ilianza kutamani hadhi kubwa zaidi. Mwaka 1999 ligi kuu ya taifa, NFL, ilijipatia haki ya kuja kununua karibu nusu ya ligi hiyo, na wamiliki wa timu za NFL wakaruhusiwa kumiliki timu za ukumbini. Mazungumzo yakawa juu ya televisheni na miji mikubwa. Katika hali hiyo, timu ya mji wenye watu 200,000, ndani ya jengo la mwaka 1955 lisilo na vyumba vya kifahari vya wadhamini, ilionekana kushikilia kiti ambacho mtu mwingine alikuwa tayari kukilipia zaidi.

Mnunuzi alikuwa upande wa wamiliki wa New York Islanders, timu ya hoki ya barafuni, wakiongozwa na Charles Wang. Timu ikaitwa New York Dragons, ikawekwa Nassau Coliseum katika Long Island, na msimu wa 2001 ikaanza na kocha Gregory, Garcia na wenzao kadhaa waliotoka Iowa. Kwa wenye ukumbi hesabu ilikuwa na mantiki: jengo wanalo, limekaa wazi majira ya joto, na eneo la New York lina mamilioni ya watu. Siwalaumu kwa kuifanya hesabu hiyo. Ilikosa jambo moja tu, nalo ni kwamba watu wale mamilioni walikuwa na timu nyingine za kutosha za kupenda, wakati Des Moines haikuwa nayo hata moja. Walinunua hati wakaacha shamba.

Foster mwenyewe hakuuacha mchezo. Ligi ilikuwa imeanzisha daraja la pili, af2, kwa ajili ya miji midogo, na yeye akaanzisha Quad City Steamwheelers katika mji wa Moline, ng'ambo ya Mto Mississippi ukitokea Iowa. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa af2 mwaka 2000 na tena 2001, na hapo ndipo ninapoona ushahidi kwamba mbunifu wa mchezo alikuwa amekwisha kuelewa mahali unapostawi. Des Moines nayo ilipewa timu ya af2 mwaka 2001, yenye jina lile lile la Barnstormers, lakini ilicheza msimu mmoja ikafungwa. Sababu zake si ngumu kuzikisia: jengo lilikuwa lile lile lililochakaa, na mashabiki walikuwa bado na uchungu wa kuondokewa na timu ya daraja la kwanza miezi michache tu kabla.

Kuanzia hapo hadi 2008 hapakuwa na Barnstormers. Kilichobadilisha mambo ni jengo. Mwaka 2005 Kaunti ya Polk ilifungua ukumbi mpya, Wells Fargo Arena, jirani kabisa na lile Ghala la zamani, ambalo baadaye liligeuzwa kuwa sehemu ya kituo cha mikutano. Ukumbi wa umma wa aina hiyo unahitaji shughuli za kuujaza, hasa wakati hoki na kikapu vimepumzika. Kundi la wawekezaji wa huko huko Iowa, ambalo sura yake kwa umma ilikuwa Jeff Lamberti, mwanasheria na mwanasiasa wa mji wa Ankeny, likaanzisha timu ya af2 kwa msimu wa 2008. Wangeweza kubuni jina jipya na nembo mpya, kama wafanyavyo wengi wanaotaka kuuza fulana. Badala yake walirudisha jina la Barnstormers na helmeti yenye miwani ya rubani, na wakamrudisha kocha John Gregory. Kisheria timu hii haikuwa na uhusiano wowote na ile ya 1995. Kwa mtu wa Des Moines aliyempeleka mtoto wake Ghalani mwaka 1996, ilikuwa ni timu ile ile.

Kisha ligi ikaanguka. Mwezi Desemba 2008 wamiliki wa Arena Football League walipiga kura kuufuta msimu wa 2009, wakati uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka, na hawakufanikiwa kuirudisha. New York Dragons hawakucheza tena. Agosti 2009 ligi iliingia mahakama ya ufilisi. Daraja la pili lilikuwa limecheza msimu wake wa 2009 hadi mwisho, na timu kadhaa zilikuwa na mahudhurio mazuri, lakini asilimia 50.1 ya hisa za af2 zilikuwa mali ya ligi iliyofilisika. Kwa hiyo ligi ndogo iliyokuwa ikiendeshwa kwa kiasi ikavunjwa kwa madeni ya ligi kubwa. Naitaja asilimia hiyo kwa makusudi, kwa sababu ndiyo sehemu ya kisa ambayo viongozi wa ligi ndogo popote wanapaswa kuisoma mara mbili: matumizi ya af2 yalikuwa madogo, safari zake fupi, na bado haikuwa na mamlaka juu ya uhai wake.

Vilabu vilivyobaki, vya af2 na baadhi ya vile vya zamani, viliungana chini ya kampuni mpya, ambayo Desemba 2009 ilinunua mali za ligi iliyofilisika, ikiwemo jina lake, kwa dola milioni 6.1. Mwaka 2010 Arena Football League ikarudi, na Barnstormers wakajikuta tena katika ligi waliyoanzia. Mwonekano ulikuwa ule ule lakini undani ulikuwa tofauti kabisa. Malipo ya mchezaji yalishuka hadi takribani dola 400 kwa mechi, kiasi ambacho hakimtoshi mtu kuishi bila kazi nyingine.

Katika misimu mitano kuanzia 2010 hadi 2014 Barnstormers hawakufika fainali hata mara moja. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa ramani. Angalia walioshiriki msimu wa 2014: Portland, Spokane, San Jose na Los Angeles upande wa magharibi; Arizona, San Antonio na New Orleans kusini; Orlando, Tampa na Jacksonville Florida; Philadelphia, Pittsburgh na Cleveland mashariki. Timu ya Iowa ilikuwa katikati ya duara hilo bila jirani hata mmoja, na karibu kila mechi ya ugenini ilidai tiketi za ndege, vyumba vya hoteli na mizigo ya vifaa kwa msafara mzima. Gharama hizo hazipungui kwa sababu mapato ni madogo.

Baada ya msimu wa 2014 klabu ilitangaza kujitoa na kujiunga na Indoor Football League, ligi ndogo zaidi, isiyo na nyavu na isiyo na jina kubwa. Wapo mashabiki walioona kwamba huko ni kushuka daraja, na kwa upande wa hadhi walikuwa sahihi: waliukosa mpira unaorudi kutoka wavuni, na waliikosa ligi iliyomtoa Warner. Kwa upande wa uendeshaji, nauona uamuzi huo kuwa bora kuliko wote katika historia ya klabu. Ndani ya ligi mpya mwaka 2015 kulikuwa na Cedar Rapids, ambayo iko katika jimbo lile lile; Sioux Falls ya South Dakota; Nebraska Danger ya mji wa Grand Island; na Green Bay ya Wisconsin. Miji hiyo yote inafikiwa kwa basi. Zaidi ya akiba ya nauli, ilileta kitu ambacho Portland na Jacksonville zisingeweza kukileta, yaani wapinzani ambao mashabiki wao wanaweza kuendesha gari hadi Des Moines na kuketi ng'ambo ya ukumbi wakipiga kelele.

Yaliyoipata ligi waliyoiacha yanathibitisha kwamba hawakukosea. Pittsburgh na San Antonio hazikurudi mwaka 2015. Spokane ilifuata njia ya Iowa kwenda Indoor Football League kwa msimu wa 2016. Baada ya 2016 Arizona Rattlers, mabingwa wa 2012, 2013 na 2014, nao walihamia huko na kutwaa ubingwa katika msimu wao wa kwanza. Mwaka 2017 Arena Football League ilibaki na timu tano, 2018 nne. Novemba 2019 ilitangaza tena kufilisika.

Hapa kuna swali la urithi lisiloepukika. Je, fainali za 1996 na 1997 ni za nani? Kwa hati za ligi, misimu ile ilikwenda na kibali hadi Long Island, na ikafa pamoja na Dragons mwaka 2008. Kwa jibu la Des Moines, ni za Barnstormers, na timu ya leo huihesabu miaka ile kuwa yake na humtaja Warner kuwa mchezaji wake, ingawa yeye hakuwahi kucheza hata dakika moja chini ya umiliki wa sasa wala ndani ya ukumbi wa sasa. Nimesoma hoja za wanaoona huo ni udanganyifu wa kibiashara, nami sikubaliani nazo. Kumbukumbu ya mchezo hutunzwa na waliokuwepo, na waliokuwepo walikuwa Iowa. Hakuna shabiki wa Long Island aliyedai kuirithi fainali ya Ghalani.

Ubingwa ulikuja tarehe 7 Julai 2018. Chini ya kocha Dixie Wooten, Barnstormers waliikaribisha Sioux Falls Storm katika fainali ya United Bowl ndani ya Wells Fargo Arena na kushinda 69–68. Ili ukubwa wa ushindi ule uonekane ni lazima kuijua Sioux Falls, iliyotwaa kombe hilo mfululizo kuanzia 2011 hadi 2016 na kulitwaa tena 2019. Ni haki pia kusema kwamba ligi ya mwaka huo ilikuwa na timu sita tu, kwa hiyo kombe lile halilingani uzito na lile lililokosekana mwaka 1996. Lakini lilikuwa kombe la kwanza kwa jina hilo, miaka 23 baada ya mechi ya kwanza, na lilipatikana nyumbani kwa tofauti ya pointi moja, dhidi ya jirani aliyekuwa kipimo cha ligi nzima.

Msimu wa 2020 ulifutwa kwa sababu ya korona, na Barnstormers wakarudi uwanjani 2021. Ligi waliyorudia haikuwa tena ile waliyojiunga nayo. Majirani walikuwa wakipukutika: Bemidji ya Minnesota haikuonekana tena baada ya 2015, na baada ya 2019 Nebraska na Cedar Rapids nazo zikatoka. Quad City, ambayo jina lake la Steamwheelers lilifufuliwa mwaka 2018, iliingia 2019 na kuziba sehemu ya pengo. Waliokuja kwa wingi zaidi walitoka mbali: Arizona, Massachusetts, Texas, California. Ligi hiyo imeanza kupenda miji mikubwa na matangazo ya televisheni, na ramani yake inazidi kutanuka kuelekea pande zile zile zilizoifanya klabu ijitoe mwaka 2014. Hesabu ya nauli iliyopigwa Des Moines mwaka ule italazimika kupigwa upya, na safari hii hakuna ligi nyingine ya majirani iliyo imara ya kukimbilia.